Barua ya wazi kwa Kamati ya jumuiya yetu: mteremko wa nyuma ya ukumbi usikatwe tena wakati wa kiangazi

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina na Wajumbe wote wa Kamati,
Jumuiya yetu ya wazungumzaji wa Kiswahili,
Minnesota, Marekani.

22 Machi 2025

YAH: KUKATWA NA KUPULIZIWA DAWA KWA MILIKWIDI (MILKWEED), MMEA UNAOLEA VIPEPEO, NYUMA YA UKUMBI

Waheshimiwa,

Salamu nyingi, na poleni kwa baridi hii isiyotaka kuondoka.

Naandika hadharani kwa sababu njia za ndani zimenishinda. Nilianza kwa Katibu, kwa mdomo, kama inavyofaa kati ya watu wanaoheshimiana. Nikaandika baruapepe, nikajibiwa "imepokelewa". Nikaomba nafasi kwenye mkutano mkuu, nikapewa dakika chache chini ya "Mengineyo", saa ambayo nusu ya ukumbi ilikuwa imeshasimama foleni ya pilau. Hata hivyo Kamati ilitamka, na wote tulisikia, kwamba mteremko hautaguswa. Agosti iliyofuata ulikatwa, na safari hii ukapuliziwa na dawa juu yake. Simtuhumu mtu kwa nia mbaya. Lakini ahadi iliyotolewa mbele ya wanachama huulizwa mbele ya wanachama.

Kwa asiyeufahamu mteremko wenyewe, ni kile kipande kinachoshuka kutoka maegesho ya magari hadi kwenye mtaro wa maji ya mvua. Hapachezwi mpira pale, hapawekwi viti wala hema la harusi. Jua linapiga kutwa, na milikwidi imejiotea yenyewe: shina lililonyooka linalofika kifuani, majani mapana yenye vinyweleo laini upande wa chini, vishada vya maua ya waridi vinavyonukia, na ukivunja jani unachuruzika utomvu mweupe unaonata vidoleni. Watoto wa darasa la Kiswahili la Jumamosi, ninalolifundisha, ndio waliogundua kwamba majani yale yana wakazi. Wakazi wenyewe ni vipepeo aina ya monaki, wale wa rangi ya machungwa wenye mishipa myeusi mabawani, na ndio sababu ya barua hii.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kilichokatwa hakikuwa kichaka kitupu.

Jike la monaki hutaga mayai 300 hadi 500, na watoto wake hawana pa kulelewa ila kwenye milikwidi. Hutaga moja moja, aghalabu upande wa chini wa jani, yai ambalo halizidi kichwa cha pini. Baada ya siku nne hivi kiwavi anatoka, anakula kwanza ganda la yai lake, halafu anaanza jani. Tangu hapo hana chakula kingine duniani. Mpe kabichi, mpe sukuma wiki, mpe mchicha, atakufa njaa juu yake. Kwa muda wa wiki mbili hivi anajivua ngozi na kujivua tena, uzito wake unapanda karibu mara 2,000, na mistari yake ya njano, nyeusi na nyeupe inazidi kukolea. Utomvu ule una sumu, na kiwavi anaihifadhi mwilini hadi anapokuwa kipepeo. Mwanabiolojia Lincoln Brower alilionyesha jambo hili katika miaka ya 1960: ndege aliyemla monaki alitapika, na baada ya hapo hakumtaka tena. Rangi ile kali ni tangazo.

Akishashiba, kiwavi hujining'iniza kichwa chini kwa umbo la herufi J. Kwetu mmoja alichagua ukingo wa dirisha la darasa, Jumamosi asubuhi, katikati ya somo la ngeli. Ngozi ilipasuka nyuma ya kichwa na kujikunja kuelekea juu, na kilichobaki kikaanza kujipindapinda kwa nguvu mpaka lile gamba kuukuu likadondoka. Kikabaki kifuko laini cha kijani chenye vitone vya dhahabu. Yote hayo yalichukua dakika chache tu. Watoto ambao kwa kawaida hawakai kimya hata kwenye dua walikuwa wamebanana dirishani, na somo la ngeli lilikufa hapohapo.

Wiki iliyofuata mashine ilikuwa imeshapita. Mashina yalikuwa yamelala yakivuja, na viwavi waliosalimika, wanene, waliobakiza siku moja au mbili tu, walikuwa wakitambaa kwenye zege la maegesho. Binti mmoja wa darasa la chini aliwaokota mmoja mmoja kwa kifuniko cha chupa na kuwapanga kivulini juu ya majani yaliyokatwa. Majani yale yalikuwa yameshaanza kukauka, na kiwavi hali jani kavu. Aliniuliza nani aliamuru. Nilimjibu kwamba nitauliza.

2. Agosti ni mwezi mbaya kuliko yote.

Monaki wanaozaliwa hapa Juni na Julai huishi wiki mbili hadi sita, wanataga, basi. Wanaotoka kwenye kifuko mwishoni mwa Agosti na Septemba wana maisha mengine kabisa. Siku zinapofupika na usiku kupoa, miili yao inaahirisha uzazi, wanajaza mafuta, na wanaishi hadi miezi minane au tisa. Hao ndio wanaosafiri karibu kilomita 3,000 kutoka hapa Minnesota hadi milima ya Michoacán na Jimbo la Mexico, kwenye misonobari iitwayo oyamel, mita 3,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kwenda. Waliokwenda mwaka uliotangulia walikufa zamani. Hawa ni vitukuu au vilembwe wao. Wanashika njia kwa jua, na saa ya mwili inayowasahihishia mwendo wa jua angani imo kwenye papasi zao. Machi wanaanza kurudi, wanataga Texas na majirani zake, wanafia huko, na watoto na wajukuu ndio wanaotufikia hapa Mei na Juni. Leo ninapoandika, wazazi wa watakaokuja mteremkoni wako njiani, kama hawajaanza kutaga.

Na Minnesota ina sehemu yake katika habari hii. Mtaalamu wa Kanada, Fred Urquhart, na mkewe Norah walibandika vibandiko vidogo kwenye mabawa ya monaki kwa miongo, wakisaidiwa na watu wa kujitolea, ili wajue wanakoishia. Januari 1975 wasaidizi wao, Ken Brugger na Catalina Aguado, waliwakuta milimani Mexico, mamilioni, miti imefunikwa. (Wanavijiji wa kule walikuwa wakiwaona miaka yote, wakiwapokea mwanzoni mwa Novemba pamoja na sikukuu ya kuwakumbuka marehemu, wenye kushangaa walikuwa wageni.) Januari 1976 Urquhart mwenyewe alipanda mlimani. Tawi moja likavunjika kwa uzito wa vipepeo, na kati ya walioanguka akaona mmoja mwenye kibandiko. Alikuwa ametoka Chaska. Chaska hii hii, mwendo mfupi wa gari kutoka ukumbini kwetu. Walikuwa wamembandika wanafunzi wawili na mwalimu wao, Agosti 1975, mwezi ule ule ambao Kamati huagiza mashine.

3. Hawako wengi kama mnavyodhani.

Mjumbe mmoja aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba vipepeo hawawezi kwisha. Mexico hawawezi kuwahesabu mmoja mmoja, kwa hiyo wanapima eneo la msitu walilolifunika. Majira ya baridi ya 1996–97 walifunika karibu hekta 18. Mwaka 2013–14 ikawa hekta 0.67, ambayo ni kama uwanja mmoja wa mpira wa miguu. Mwaka 2023–24 hekta 0.90. Takwimu za majira haya, zilizotangazwa mwezi huu, ni hekta 1.79. Imeongezeka mara mbili, na nimefurahi, lakini bado ni sehemu moja tu ya kumi ya ilivyokuwa.

Sababu si moja. Misitu ya oyamel imekatwa, ukame na dhoruba vimeua. Lakini moja iko huku kwetu: utafiti uliochapishwa 2013 ulikadiria kwamba milikwidi katika majimbo haya ya katikati ya nchi ilipungua kwa asilimia 58 kati ya 1999 na 2010, hasa baada ya wakulima kuanza kupanda mahindi na soya zinazohimili glaifoseti, dawa ya kuua magugu. Zamani milikwidi iliota katikati ya mistari ya mahindi. Sasa shamba ni safi kabisa. Mlango wa shamba umefungwa, zimebaki kingo za barabara, mitaro, makaburi, na vipande visivyo na kazi kama chetu. Desemba iliyopita serikali ya Marekani, kupitia idara yake ya samaki na wanyamapori, ilipendekeza monaki aingizwe kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kisheria.

4. Dawa ni kosa kubwa kuliko mashine.

Milikwidi ikikatwa huchipua, kwa kuwa mizizi yake imetambaa chini ya udongo. Ikipuliziwa dawa ya kuua magugu, inaondoka na mizizi yake. Mwaka jana tuliona vibendera vya tahadhari vimechomekwa mteremkoni, siku ya darasa, watoto wako nje. Hakuna mzazi aliyepewa taarifa. Hata kama hamjali kipepeo, hili peke yake lilistahili maelezo, na sijayapata.

5. Tunalipia.

Ada za wanachama zinalipa kukatwa kwa kipande ambacho hakuna anayekikanyaga. Sina la kuongeza hapo.

Sasa, najua majibu nitakayopewa, kwa sababu mengine nimeshapewa.

"Manispaa itatupiga faini." Hofu hii ilikuwa na msingi zamani. Mwaka 2023 bunge la jimbo la Minnesota lilipitisha sheria inayoitaka miji imruhusu mwenye ardhi kuwa na bustani ya mimea ya asili inayotunzwa, hata ikipita inchi 8 kwenda juu. Neno la msingi ni kutunzwa: lazima ionekane kwamba imepangwa, haikutelekezwa. Ukingo uliokatwa vizuri na kibao kimoja vinatosha kuanzia, na kibao nitakichora mimi.

"Kichaka kinaleta nyoka na mbu." Hili nalielewa kuliko mnavyofikiri. Sisi tumelelewa na mama waliofagia uwanja mpaka udongo ukang'aa, na walikuwa na sababu, kwa kuwa kule fira alikuwa fira kweli. Hapa kwenye vitongoji vya Minneapolis mtakayemwona majanini ni nyoka mdogo mwenye mistari asiye na madhara kwa binadamu. Mbu wanazaliana kwenye maji yaliyotuama, na ninyi mnajua pipa lililoko nyuma ya jiko la ukumbi lina nini ndani yake. Mngesema kupe ningekubali mara moja, maana kupe wa huku wana maradhi yao. Ndiyo maana naomba ukingo mpana wa kando ya njia uendelee kukatwa mwaka mzima.

"Mmea wenyewe una sumu." Ni kweli, usiliwe, na utomvu wake ukiingia jichoni unachoma vibaya. Watoto wanaosha mikono. Wanaosha mikono pia baada ya kukata pilipili kwenye sherehe zetu, na hatujazipiga pilipili marufuku.

"Ni magugu tu." Mwaka 1942 Wajapani walipoiteka Java, kisiwa ilikokuwa ikitoka sufi, Marekani ilikosa ya kujazia maboya ya kuvaa ya wanamaji wake. Waliyemkimbilia ni gugu hili. Maganda yake yakipasuka Septemba yanatoa nyuzi nyeupe, nyepesi, zisizonyonya maji, ambazo aliyewahi kulalia mto wa sufi atazitambua kwa vidole tu akiwa amefumba macho. Watoto wa shule walitumwa kuokota maganda barabarani, wakiambiwa kwamba magunia mawili yanaokoa maisha ya mtu mmoja.

"Mwalimu, wafugie watoto viwavi ndani, kwenye ndoo." Na hao wa kwenye ndoo watakula nini, mashina yakiwa yamekatwa? Tena ukiwarundika pamoja wanaambukizana kimelea kinachowatoa na mabawa yaliyokunjamana. Mmoja au wawili kwa ajili ya somo, sawa. Zaidi ya hapo ni kujidanganya.

"Majirani watasema Waafrika hawajui kutunza uwanja." Hili halisemwi kwenye mikutano, linasemwa jikoni, na nadhani ndilo linaloendesha mashine. Sitalibeza, kwa sababu nimeishi hapa muda wa kutosha kujua macho ya majirani yanavyopima. Lakini angalieni mtaa wenyewe. Monaki ni kipepeo rasmi wa jimbo hili tangu mwaka 2000. Nyumba tatu kutoka ukumbini wamepanda milikwidi mbele ya mlango, makusudi, na kibao juu. Anayetupima kwa mteremko ule anatupima kwa kuukata.

"Vipepeo ni mambo ya Wazungu." Waliosema hivi watafute mtu wa Kilifi wamuulize habari za Gede. Tangu 1993 wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke wamekuwa wakifuga vipepeo kupitia mradi wa Kipepeo na kuuza vifuko vyao nje ya nchi. Watu waliokuwa wakiuona msitu kama kuni na mashamba yaliyozuiliwa wakapata sababu ya kutaka ubaki. Hata monaki wenyewe wana ndugu kwetu: yule kipepeo wa rangi ya machungwa mwenye ncha nyeusi na madoa meupe, anayeruka polepole kana kwamba hana adui, ni wa jenasi moja na hawa, naye pia hulelewa kwenye mimea ya utomvu mweupe. Wengi wetu tumemkimbiza utotoni bila kujua jina lake.

Kwa hiyo naiomba Kamati mambo yafuatayo, na nayaomba kwa maandishi.

Mteremko usikatwe kuanzia tarehe 1 Mei hadi mwisho wa Septemba. Ukatwe mara moja kwa mwaka, Oktoba baada ya baridi kuua majani au Aprili kabla ya kuchipua, mtakavyoona. Ukingo wa upana wa hatua mbili kando ya njia na maegesho ukatwe kila mara, kwa ajili ya kupe na kwa ajili ya macho ya manispaa. Dawa ya kuua magugu isipulizwe kabisa mteremkoni, na ikihitajika popote pengine kwenye eneo letu, wazazi waarifiwe kabla.

Masharti haya yaandikwe ndani ya mkataba wa kampuni ya nyasi, ambao najua unasainiwa upya Aprili. Ahadi ya mdomo tumeshaijaribu. Mwaka uliopita fundi alinionyesha karatasi yake ya kazi, na mteremko ulikuwa umeandikwa pale waziwazi, "kata yote". Hakuna aliyemwambia vinginevyo.

Palipokufa kwa dawa, darasa la Jumamosi litapanda upya bila gharama kwa jumuiya. Mbegu tuliziokota vuli kutoka kwenye mashina machache yaliyobakia karibu na mtaro. Zinahitaji wiki kadhaa za baridi na unyevu kabla ya kuota, kwa hiyo tangu Januari zimelala kwenye jokofu langu kati ya samaki na unga wa ugali, zimefungwa kwa karatasi yenye maji. Tunachohitaji ni ruhusa na ufunguo wa stoo ya majembe.

Naomba jibu kabla ya tarehe 12 Aprili, ili mkataba usisainiwe kwanza halafu tukaambiwa tumechelewa. Kamati ikitaka kuniita, nitakuja siku yoyote, isipokuwa Jumamosi asubuhi. Ikiamua kukataa, naomba sababu zitajwe moja moja, na barua hii pamoja na majibu yake viwekwe kwenye ajenda ya mkutano mkuu kama hoja kamili, yenye namba yake, kabla ya chakula.

Wenu katika jumuiya,

Mwalimu wa darasa la Kiswahili la Jumamosi

Nakala:
Wazazi wote wa darasa la Jumamosi
Kamati ya Vijana
Fundi wa nyasi, ambaye hana kosa lolote: anakata alichoandikiwa